Bega lililoumia: kitambaa cha shingoni kina siku yake ya kutoka



Leo tutasema juu ya bega. Kidole kikikatika, kila mtu anaona damu. Mguu ukivunjika, plastere inaonekana toka mbali, na kapita mwenyewe anakukataza kushuka shimoni. Lakini bega likiumia, hakuna kitu cha kuonyesha. Mtu anatembea vizuri, anakula bukari yake, anacheka na wenzake. Ila usiku hawezi kulalia upande ule, na asubuhi bibi yake ndiye anamfunga vifungo vya shati. Wengine wanamdhania mvivu. Kiisha yeye mwenyewe anaanza kujidhania mvivu, na anarudi kwenye mashini kabla ya wakati.

Hapa dispanseri tunaona wagonjwa wa bega wa namna mbili wanaochelewa kupona. Wa kwanza ni yule anayeogopa. Alifungwa mkono kwa kitambaa shingoni, akaambiwa akitoe baada ya wiki tatu, lakini wiki nane zimepita na kitambaa kingali pale, kimekuwa cheusi. Anasema: «Nikiacha mkono uning'inie, unauma.» Bega lake limefunga kama mlango wenye kutu. Wa pili ni yule mwenye haraka. Siku ya kumi maumivu yamepungua, amemeza vidonge viwili, amekwenda kushika mashini ya kutoboa. Siku ya kumi na moja anarudi kwetu, na sasa hawezi kuinua mkono hata kushika kofia yake.

Wote wawili walipata dawa nzuri. Kilichokosekana ni ile kazi inayokuja nyuma ya dawa: kulirudishia bega mwendo wake, kiisha nguvu yake, kiisha mzigo wake, moja baada ya nyingine. Kazi hiyo mganga hawezi kukufanyia. Unaifanya wewe mwenyewe nyumbani kwako, kila siku.

Bega limejengwa namna gani

Chukua chungwa, liweke juu ya kisahani kidogo cha kikombe. Ndilo bega lako. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa na cha duara, na mahali kinapokaa ni padogo tena si pa kina. Nyonga si hivyo; kichwa cha mfupa wa paja kimezama ndani ya shimo lake. Kwa sababu hii mkono unaweza kuzunguka pande zote, lakini bega ni kiungo kinachoteguka kuliko vingine vyote vikubwa vya mwili.

Ni nini basi kinachozuia chungwa lisianguke? Ni misuli minne midogo inayotoka kwenye bapa la bega na kukizunguka kichwa cha mfupa. Misuli hiyo inashikwa na mfupa kwa kano, zile kamba nyeupe unazoziona katika nyama ya ng'ombe, ambazo hata sufuria ya saa tatu haizilainishi. Kano moja inapita chini ya paa la mfupa, mahali pembamba sana. Kila unapofanya kazi mikono ikiwa juu ya kichwa, mahali pale panazidi kuwa pembamba. Tena kano hazipati damu nyingi kama nyama. Ndiyo sababu kidonda cha ngozi kinapona kwa siku kumi, na kano inataka miezi.

Sasa fikiri kazi zetu. Mtu anayeangusha mawe legevu darini kwa baramini, saa nzima kichwa juu na mikono juu. Mtoboaji, ambaye mashini yake inapita kilo 25 na inamtetemesha hadi meno. Fundi wa umeme anayevuta kebo nzito. Mekanisia aliyelala chini ya lori kubwa, akifungua bulo iliyokwama na ufunguo ulioongezwa bomba. Hata dereva wa mashini kubwa za karieri, ambaye watu wanasema amekaa tu kwenye kiti: mara nyingi ninamwona hapa, kwa sababu anapanda na kushuka kwa kujivuta na mkono mmoja, na siku ya mvua mguu ukiteleza kwenye ngazi, uzito wake wote unabaki kwenye bega lile.

Alama za kukuleta hapa leo, si kesho

Kuna mabega ambayo hayangojei mazoezi. Ukianguka na bega likabadilika sura, limekuwa na kona pale palipokuwa na duara, bega limeteguka au mfupa umevunjika. Usimruhusu mtu yeyote alivute, hata kama ni mzee anayesifiwa kambi nzima kwa kurudisha viungo. Simkatai mzee; ninakataa avute bila foto ya mifupa. Karibu na kiungo kile kunapita mshipa wa fahamu, na kama kuna mfupa uliovunjika, kuvuta kunaweza kuukata au kuzidisha ubovu. Funga mkono jinsi ulivyo, ukiegemea kifua, na uje.

Njoo vilevile upesi kama ngozi ya upande wa bega imekufa ganzi, kama vidole vimekuwa baridi au havina nguvu, kama bega limevimba, lina moto na una homa, au kama baada ya kuanguka huwezi kabisa kuinua mkono. Mtu aliyepita miaka 40, bega lake likateguka, likarudishwa vizuri, lakini wiki mbili zikapita mkono haupandi, asiseme ni ganzi ya kawaida: inawezekana kano imekatika.

Na neno moja lingine. Maumivu ya bega la kushoto yanayokuja pamoja na kifua kubanwa, jasho na pumzi fupi si ya bega. Ni moyo. Hapo usitembee kwa miguu mpaka dispanseri, watu wakulete.

Hatua ya kwanza: mwendo

Kitambaa cha shingoni ni dawa, na kama dawa nyingine kina kipimo na mwisho. Kwa bega lililoteguka, kwa kawaida ni wiki moja mpaka tatu. Kwa mfupa wa mtulinga uliovunjika, mara nyingi wiki nne mpaka sita. Kwa mtu aliyeshonwa kano hospitalini, vilevile wiki nne mpaka sita, na huyo asifanye lolote katika haya ninayoandika kabla ya ruhusa ya aliyemshona. Kwa bega lililochoka tu, lenye kano iliyokwaruzwa kwa kazi, kitambaa hakitakiwi hata kidogo, au siku mbili tatu za maumivu makali basi. Muulize mganga siku ya kukitoa, na uiandike.

Hata wakati mkono umefungwa, vidole, kiganja na kiwiko vinafanya kazi. Funga ngumi, fungua. Kunja kiwiko, nyosha, kama umeruhusiwa. Mtu anayesahau hivi anatoka na ugonjwa wa bega akiwa amepata na ule wa kiwiko.

Zoezi la kwanza baada ya kitambaa ni la mkono unaoning'inia. Inama mbele, mkono mzima ukiegemea meza au mgongo wa kiti. Mkono mgonjwa uache uning'inie kama kamba ya kisima. Sasa sukuma mwili wako polepole, mbele na nyuma, kiisha kulia na kushoto, kiisha duara ndogo. Angalia: mwili ndio unaosukuma, mkono unafuata tu. Dakika mbili, mara tatu kwa siku. Zoezi hili lina miaka mingi. Daktari Codman wa Boston, Marekani, aliyetoa kitabu kizima juu ya bega katika mwaka 1934, ndiye aliyelitia sifa, na mpaka leo linaitwa kwa jina lake.

La pili ni la ukuta. Simama ukitazama ukuta, weka vidole juu yake, vipandishe kimoja kimoja kama buibui. Mahali unapofika bila kuumia sana, bibi yako apige alama kwa kipande cha makala. Jumapili ijayo, alama nyingine. Ninalipenda zoezi hili kuliko mengine yote, kwa sababu ya alama zile. Mtu aliyekata tamaa anasema, «Sijaendelea hata kidogo», na ukuta unamjibu kwamba amepanda sentimeta nane. Kama mama analalamikia ukuta wake uliopakwa rangi, bandika karatasi.

La tatu ni la fimbo. Lala chali kitandani, shika mti wa fagio kwa mikono miwili. Mkono mzima unasukuma mgonjwa kwenda juu mpaka nyuma ya kichwa, kiisha unarudi. Halafu, viwiko vikiwa vimeshikamana na mbavu, sukuma fimbo upande wa nje. Huu mwendo wa nje ndio unaopotea wa kwanza bega linapofunga. Lakini kijana ambaye bega lake liliteguka mbele asiusukume mbali sana mpaka tumwone, kwa sababu ndiyo njia ile ile bega lilikotokea. Vijana wa chini ya miaka 25 wana hatari kubwa ya kuteguka tena. Kwao haraka ni mbaya mara mbili.

Maumivu kiasi gani yanaruhusiwa? Hapa watu wengi wanapotea. Zoezi lisilogusa maumivu hata kidogo mara nyingi halifungui kitu, na zoezi la kukulilisha machozi linaharibu. Tumia kipimo hiki: maumivu madogo wakati wa zoezi ni sawa, kama asubuhi ya kesho bega liko jinsi lilivyokuwa jana. Kama usiku umeshindwa kulala, jana ulipita kipimo. Leo fanya nusu. Usiache kabisa.

Hatua ya pili: nguvu

Mkono ukishapanda karibu kama mwenzake, hapo tunatafuta nguvu. Hauhitaji chumba chenye mashini za chuma. Tafuta mpira wa ndani wa tairi ya kinga uliokwisha tobokatoboka, ukate uwe kamba ndefu. Ufunge kwenye kitasa cha mlango, mlango ukiwa umefungwa kwa ufunguo (mtu mmoja alisahau ufunguo, mlango ukamfuata mpaka puani). Simama ubavu kwa mlango, kiwiko kimebana kitambaa kilichokunjwa kwenye mbavu, uvute mpira kwenda nje, polepole, urudi polepole. Geuka, uvute kwenda ndani. Kiisha simama ukitazama mlango, uvute kwa mikono miwili kuelekea tumbo, mabapa ya bega yakikaribiana mgongoni. Mara kumi, pumzika, mara kumi tena, pumzika, mara kumi.

Watu wanadharau mpira wa kinga. Wanataka kuinua chuma. Lakini ile misuli minne ni midogo. Ukianza na chuma, misuli mikubwa ya kifua na ya juu ya bega inaiba kazi, na midogo inabaki inalala. Baada ya wiki kadhaa chukua chupa ya maji ya nusu lita, ambayo ni nusu kilo. Baadaye ya lita moja. Kurudi chini polepole ndiko kunakojenga kano; usiuangushe mkono.

Kwa bega lililochoka kwa kazi, tunahesabu wiki 12 za mazoezi. Najua ni nyingi. Wengi wanaacha wiki ya nne, pale ambapo maumivu yamepungua na nguvu bado haijarudi.

Sindano na kisu

Karibu kila mtu ananiuliza: «Kwa nini usinipige sindano moja mambo yaishe?» Sindano ya ndani ya bega ipo, daktari anaipiga, na inaweza kutuliza maumivu kwa wiki kadhaa ili ufanye mazoezi. Haishoni kano. Tena ikirudiwa mara nyingi inaweza kuidhoofisha. Wala usijipe mwenyewe dawa ya maumivu kama diklofenaki, ile inayouzwa katika kila duka la barabarani. Ukiimeza mwezi mzima ili uvumilie poste, inaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo, na mwenye mkazo wa damu inampandishia zaidi.

Juu ya kupasuliwa, kuna habari ya kusaidia. Kwa miaka mingi, mahali penye madaktari wengi, walikuwa wakikwangua ile paa ya mfupa ili kano ipate nafasi. Katika mwaka 2018, uchunguzi wa Uingereza na mwingine wa Ufini ulilinganisha wagonjwa waliokwanguliwa mfupa na wengine waliofunguliwa bega bila kukwanguliwa kitu. Waliokwanguliwa hawakuwazidi wenzao kwa namna ya kuhesabika. Basi mwenye bega la namna hiyo asijione maskini kwa kuwa hajapelekwa kwenye kisu. Kano iliyokatika kwa aksidenti ni jambo lingine. Hiyo daktari wa mifupa lazima aione mapema, na akiishona, hesabu karibu miezi sita kabla ya kazi nzito.

Na chanjo za wembe juu ya bega? Wembe unaingia ngozi tu. Kano iko chini sana. Kinachoingia ndani ni uchafu wa wembe.

Kwa akina mama

Mama, wewe ndiye kinezi wa nyumbani, hata kama hukusomea kazi ya mazoezi ya viungo. Mumeo akivaa shati, mkono mgonjwa unaingia wa kwanza. Akilivua, unatoka wa mwisho. Usiku weka mto au blanketi iliyokunjwa chini ya mkono ule, alale chali au upande mzima. Usimfanyie kila kitu. Ikiwa anaweza kushika kijiko, ashike. Ikiwa ameanza hatua ya nguvu, apanguse meza, aanike nguo ndogo, na wala si aibu ya mwanaume.

Ila jihadhari na Jumamosi. Amepewa kazi nyepesi kazini, na nyumbani anangojewa na makala ya kupasua, mifuko ya mahindi, na shamba la kulima kabla mvua haijaanza. Bega halijui kama jembe ni la kampuni au la familia.

Na bega lako mwenyewe? Kutwanga sombe saa nzima, bido ya maji ya lita 20 ambayo ni kilo 20 kichwani, mtoto mgongoni. Mazoezi haya ni yako pia. Mama aliyepita miaka 40 ambaye bega lake limeanza kufunga lenyewe bila kuanguka, aje tupime sukari kwenye damu, kwa sababu ugonjwa huo wa bega kuganda unawapata zaidi wenye kisukari. Mara nyingi unachukua mwaka mmoja mpaka mitatu kuachia. Ni muda mrefu, lakini wengi linawaachia.

Kurudi kazini

Maumivu kuisha si ruhusa ya kurudi kwenye mashini. Tunatazama mambo matatu. Mkono upande mpaka karibu na sikio. Kiganja kifike nyuma ya mgongo karibu kama cha upande mwingine. Na uweze kuinua ndoo kutoka chini mpaka rafu iliyo sawa na kichwa, mara kumi, na kesho yake bega liwe kimya. Asiyefika hapo daktari anamwandikia kazi nyepesi: hakuna mikono juu ya kichwa, hakuna mtetemo, mzigo wa kilo kadhaa tu. Karatasi hiyo mpe shefu wa poste mkononi mwake, usiifiche mfukoni kwa kuogopa kuchekwa au kupoteza saa za ziada. Mashefu nao wajue kwamba mtu aliyerudishwa polepole anabaki kazini, na aliyesukumwa anarudi kwetu.

Ukirudi, badili namna ya kushika kazi. Chagua baramini ya urefu unaofaa, uishike ubavuni ukisimama mahali palipotegemezwa, uisukume kwa mshazari mbele yako badala ya wima juu ya kichwa. Jiwe likianguka halitafuata mti mpaka kwako. Panda jukwaa badala ya kunyosha mikono. Bomba refu ni la watu wawili. Kwenye lori shuka uso ukitazama ngazi, mikono miwili, wala usiruke.

Karatasi

Aksidenti ndogo nayo inaandikwa siku ile ile. Bega linaloonekana bure leo linaweza kukuzuia kazi baada ya miezi mitatu, na hapo utaulizwa: liliumia wapi, saa ngapi, nani aliona? Tafuta mshahidi kabla hajasahau. Aksidenti ya kazi inapaswa kufika kwenye Kasi ya taifa, CNSS, iliyochukua mahali pa INSS katika mwaka 2018. Wazee wengi wanaiita bado kwa jina la zamani. Shika nakala yako ya kila karatasi, na ya cheti cha daktari, nyumbani mahali pakavu. Kama bega halikuumia siku moja, bali limekuja polepole kwa miaka, mwambie daktari kazi yako kwa urefu: mashini gani, masaa mangapi, mikono juu au chini. Usiseme tu «ninafanya kazi shimoni».

Anayekuja kuonyesha bega avae shati la vifungo, siyo la kupitisha kichwani, na aje na mtu wa nyumbani kwake. Mazoezi tutawaonyesha wote wawili pamoja.